Mjadala: Fedha inayobaki baada ya mavuno ikae wapi?

Mhasibu wa Nkuhungu
Ndugu zangu, kila msimu wa zabibu unapokwisha ninawaona wakulima wa Hombolo na Mpunguzi wakiingia mjini Dodoma na fedha, na kabla mwezi haujaisha fedha hiyo imekuwa pikipiki, runinga kubwa na michango ya harusi. Ninashauri fedha isiyo na kazi ya haraka iwekwe mahali ambapo mkono hauifikii kwa wepesi: akaunti ya muda maalumu, hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha nayo ikulipe riba, au mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayowekeza kwa pamoja fedha za watu wengi, ambako hata mwenye kipato kidogo hununua vipande, yaani sehemu yake ya mfuko. Fedha iliyo kwenye simu humshawishi mwenyewe kila anapopita dukani.

Mkulima wa Mpunguzi
Ndugu Mhasibu, kilichoniuma ni kuiweka pikipiki fungu moja na runinga. Pikipiki yangu hubeba kreti za zabibu, na zabibu ikishakatwa haisubiri. Mnunuzi akijua kuwa sina usafiri, yeye ndiye anayepanga bei, nami ninabaki kukubali. Ninyi watumishi mlioongezeka hapa tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 hukopa kwa dhamana ya mshahara ili mnunue magari, na sijasikia mtu akiuita mkopo huo matumizi mabaya.

Mama wa Kibaigwa
Mimi ninajibu hilo la michango. Mume wangu alipofariki, watu niliowachangia kwa miaka mingi ndio waliokuja na mchele, mafuta na fedha kabla sijamwomba yeyote. Majina yao yalikuwa kwenye daftari langu, na yangu kwenye madaftari yao. Kaka Mhasibu, fedha ile haikupotea. Ilikuwa kwa watu, na ilirudi siku niliyoihitaji.

Mhasibu wa Nkuhungu
Pole sana, mama. Msiba sijaugusa, wala sitaugusa. Ninasema juu ya sare, ukumbi na kamati inayokaa miezi mitatu, ambapo mtu mwenye deni la pembejeo huona aibu kuandika ahadi ndogo, akaandika kiasi asichokuwa nacho.

Mzee wa Chamwino
Wanangu, mnagombania harusi, na hakuna aliyeuliza hiyo fedha yenyewe ina thamani gani. Mwaka 1966 Benki Kuu ilipoanza kutoa shilingi yetu, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa. Leo ni zaidi ya shilingi 2,000. Mwishoni mwa mwaka 2011 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 20, na aliyeacha fedha yake kwenye akaunti ya kawaida aliikuta na hesabu ileile, lakini haikununua tena magunia yaleyale. Ng'ombe wangu huzaa. Ndiyo maana sisi hatukimbilii benki, wala si kwa sababu ya ujinga, kama wageni wengi wanavyotufikiria.

Binti wa Bahi
Shikamoo, babu. Ng'ombe huzaa, lakini pia hufa, na huchukuliwa. Wazee wetu wametusimulia njaa ya Mtunya, iliyotokea majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua mifugo na nafaka za Ugogo katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha mvua ikakosekana. Zizi lilikuwa benki yao, na halikuwaokoa. Tena mwenye njaa huuza ng'ombe wakati kila jirani naye anauza, kwa hiyo bei huanguka siku ileile bei ya mahindi inapopanda.

Mzee wa Chamwino
Marahaba, mjukuu wangu. Hilo la bei ni kweli. Lakini jeshi lililochukua ng'ombe lisingeshindwa kuchukua fedha, na neno langu juu ya wageni halijajibiwa.

Mhasibu wa Nkuhungu
Mzee, sikusema ujinga. Mfumuko wa bei wa miaka ya karibuni umekuwa chini ya asilimia 5, na hatifungani za muda mrefu zimelipa zaidi ya hapo.

Mkulima wa Mpunguzi
Za muda mrefu ni miaka mingapi? Mimi ninahitaji fedha ya dawa za ukungu kabla ya mvua za Desemba. Na pikipiki bado hujaifutia kauli.

Mama wa Kibaigwa
Wala sare. Mwaka huu binti yangu anaolewa, na sare nimekwisha kuilipia.