Rejesho la mkopo wa nyumba nalipa mimi, halafu leo nimetambulishwa kwa mnunuzi kwamba "huyu anatoka mwisho wa mwezi"!!!

Wakuu, leo sisalimii mtu. Mikono inatetemeka hapa ninapoandika.

Jina sitaji maana humu wote mnamjua. Ni yule yule wa jenereta. Mume wangu aliyehama.

Asubuhi niko uani naanika nguo. Kanga kifuani, taulo kichwani, vibanio vya nguo vinne mdomoni. Nasikia geti linafunguliwa. Halijagongwa, linafunguliwa kwa UFUNGUO. Kumbe alipohama alichukua kila kitu mpaka balbu ya chooni, ila ufunguo alibaki nao kimya kimya. Huyo anaingia, miwani ya jua usoni, kajipulizia marashi mpaka kuku wa jirani wamekohoa. Nyuma yake dalali, nyuma ya dalali mzee mmoja na mkewe, na nyuma yao kijana kashika futi kamba. Hodi hamna. Shikamoo hamna. Wanapita kati ya mashuka yangu kama wako mnadani.

Dalali anagonga ukuta wa jikoni kwa kidole, anauliza maji ni ya bomba au ya kisima. Kijana kaanza kupima baraza. Yule mama, mtu mzima na heshima zake, akaniangalia akaona aibu kwa niaba yao wote. Akauliza, "Na huyu dada je?"

Akajibu hata kugeuka hakugeuka: "Huyu anatoka mwisho wa mwezi."

HUYU.

ANATOKA.

MWISHO WA MWEZI.

Mimi! Mimi ambaye jina langu liko kwenye hati pamoja na lake, na hati yenyewe iko benki! Mimi ambaye mshahara ukiingia tarehe 25, ya 26 benki wameshakata changu na chake, maana yeye toka ahame hajaweka hata mia kwenye ile akaunti! Nikiwapigia benki wananijibu kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, mlisaini wawili, kila mmoja anadaiwa deni lote." Sawa. Nadaiwa lote, nalipa lote, halafu natoka mwisho wa mwezi?

Niwape hesabu muone ninachokilipia. Tulikopa milioni 55 mwaka 2021, miaka 15, riba asilimia 17. Rejesho ni laki nane na arobaini na sita elfu kila mwezi wa Mungu. Miaka minne imeenda hapo zaidi ya milioni 40, na deni limeshuka milioni 4 na ushee tu! Zote zile zimeliwa na riba. Bado tunadaiwa milioni 50. Nimekula dagaa mpaka paka wa mtaa mzima wananisalimia. Nimevaa viatu vya pea moja misimu yote ya mvua. Kwa ajili ya nyumba ambayo NATOKA MWISHO WA MWEZI.

Baada ya wageni wake kuondoka akanitumia meseji: mzee kafika milioni 90, kwa hiyo "tutagawana 45 kwa 45 kila mtu ashike njia yake". Benki je? Benki itashika njia gani? Hiyo milioni 50 italipwa na yule wa Kimara anayekaa naye? Mtu anagawa bei ya nyumba utafikiri nyumba ilidondoka kutoka mbinguni haina deni!

Ila hesabu ningezivumilia. Mtu asiyejua hesabu unamhurumia. Lile neno ndilo siwezi. Mbele ya wageni. Na vibanio mdomoni, hata kujibu sikuweza! Nimevitema wako getini tayari. Jirani anasema nilipiga kelele mpaka bodaboda wa kijiweni wakazima pikipiki wasikilize.

Huyu anatoka mwisho wa mwezi. Huyu! Sina hata jina!

Semeni wenyewe.

---

Mgagaa Upwa: Ngoja nivute kiti. Huu uzi una moto.

Kataa Ndoa Tawi la Temeke: Tulisema humu ndani mkatuita wenye stress. Kuoa ni hasara, kuoa kwa mkopo wa benki ni hasara yenye riba ya asilimia 17. Chama kinaendelea kupokea wanachama wapya.

Binti Mtumwa: Pole sana dada. Halafu kabeba balbu ya chooni?? Mwanaume mzima?

Msomaji Kimya: Mimi mgeni humu. Jenereta ndiyo nini?

Mgagaa Upwa: @Msomaji Kimya kaa hivyo hivyo usijue, utalala vizuri.

Ngosha wa Igoma: Mleta mada umetupa upande mmoja. Tuambie na wewe ulimfanya nini mpaka akahama. Mwanaume haachi nyumba yenye tiles hivi hivi.

Kitasa Kipya (mleta mada): @Ngosha wa Igoma nilimfanya nini? Nilimlipia rejesho lake! Wewe ungeambiwa "huyu anatoka mwisho wa mwezi" kwako ungekaa kimya?

Ngosha wa Igoma: Mimi kwangu nimejenga tofali kwa tofali, sidaiwi na mtu. Hakuna wa kunitoa.

Wakili wa Uswahilini: Dada, punguza presha. Huyo hawezi kuuza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, na hapo jina lako liko kwenye hati. Hati nayo iko benki, kwa hiyo bila benki hakuna anayeuza. Mgawanyo unafanywa na mahakama chini ya kifungu cha 114, ikishatoa talaka au amri ya kutengana, na kifungu hicho hicho kinataka waangalie mchango wa kila mtu na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote. Tunza kila risiti ya rejesho toka alipoacha kulipa, huo ndio mchango wako. Kwa talaka mnaanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Mkielewana nje ya hapo, njia ni mbili: muuze pamoja, benki ikate chake kwanza mgawane kinachobaki, au mmoja amnunue mwenzake na benki ikubali kumtoa kwenye mkopo. Hiyo ya pili wanaangalia kama mshahara wa mmoja unaubeba mkopo wote.

Kitasa Kipya: Asante wakili. Kwa hiyo SITOKI mwisho wa mwezi?

Wakili wa Uswahilini: Hutoki. Ila usiache kulipa kwa hasira. Mkichelewa benki inatoa notisi ya siku 60, na ikiisha, nyumba inaweza kwenda mnadani mkakosa wote wawili.

Kataa Ndoa Tawi la Temeke: Kwa hiyo alipe nyumba ya mtu mwingine miaka 11 iliyobaki. Safi sana. Wanachama wapya bado tunapokea.

Mama wa Shughuli: Sisi tuliokaa nyumbani kulea watoto mtatusemea lini? Mtu hana risiti hata moja, risiti zake ni nepi alizofua.

Wakili wa Uswahilini: @Mama wa Shughuli hilo lilishaamuliwa zamani. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Kazi za nyumbani ni mchango.

Kamau wa Ruiru: Wadau wa TZ salamu. Huku Kenya Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mtu aonyeshe mchango wake. Dada yangu alibeba faili ya karatasi kortini hadi karani akaomba msaada wa kuinua.

Ngosha wa Igoma: Sasa mtu anatunza risiti kwenye ndoa? Hiyo ndoa au duka?

Binti Mtumwa: @Ngosha wa Igoma wewe uliyejenga tofali kwa tofali, kiwanja kina jina la nani?

Ngosha wa Igoma: Cha familia.

Binti Mtumwa: 😂😂😂 Yaani cha mama mkwe.

Tajiri Mtarajiwa: Samahani nje ya mada, hiyo nyumba iko maeneo gani? Kama mzee wa 90 hajalipa mimi nina 85 taslimu. Ina fensi?

Kitasa Kipya: @Tajiri Mtarajiwa UMESOMA ULICHOANDIKIWA??? Haiuzwi! Naongelea mtu aliyeniita HUYU uani kwangu, wewe unauliza fensi!

Tajiri Mtarajiwa: Sawa dada usikasirike. Maji ni ya bomba au ya kisima?

Mgagaa Upwa: Nimecheka mpaka mke kaamka.

Fundi Bati: Mimi namlaumu dalali. Dalali mwenye akili anauliza hati kabla hajabeba watu. Hawa wa siku hizi wanakuonyesha hata nyumba ya polisi.

Binti Mtumwa: Ndo zao! Mwaka jana mmoja alinizungusha Goba nzima kwenye jua, chumba na sebule, kila nyumba nikifika mwenye nyumba anashangaa. Kumbe hajaongea na mtu. Na hela ya kuonyeshwa alishachukua elfu 20.

Fundi Bati: Elfu 20 wewe una bahati. Mimi nilitoa 30 Mbezi, na kodi ya mwezi mmoja juu, nikahamia, wiki ya pili akaja mwenye nyumba wa kweli na mwenyekiti wa mtaa.

Kitasa Kipya: Jamani turudi kwenye mada. Mnaelewa kwamba hata salamu hakunipa?

Dalali Mstaafu: Msituchafulie kazi. Hela ya kuonyeshwa ni ya nauli na muda. Wateja wenyewe mnaangalia nyumba kumi halafu mnaenda kumalizana na mwenye nyumba nyuma yetu. Nimeshadhulumiwa hivyo Tabata, mteja namuona kila siku anatoka na gari nyumba niliyomtafutia mimi.

Binti Mtumwa: Nauli ya elfu 20 kwa bodaboda ya buku mbili?

Dalali Mstaafu: Na vocha je? Nani anapiga simu siku nzima?

Fundi Bati: Vocha gani na ulikuwa unanibipu mimi!

Dalali Mstaafu: Taja siku niliyokubipu. Tena ukae ujue yule wa Mbezi namfahamu, si dalali yule, ni muuza chips. Ulitoa hela kwa muuza chips.

Mgagaa Upwa: Chips zake za wapi hizo? Njia ya kwenda stendi au ile ya juu?