Kuhamia Rust kutaponya mfumo wetu wa SACCOS?

Mjukuu_wa_Ukerewe: Wakuu, habari za kazi. Natunza mfumo wa SACCOS ulioandikwa kwa JavaScript. Juzi mwanachama mwenye salio la 20000 kaweka 5000, mfumo ukasoma 200005000! Kumbe ile 5000 ilitoka kwenye fomu ikiwa maandishi, ikabandikwa mwishoni mwa salio. Meneja kasikia sifa za Rust, lugha nyingine ya programu, anataka tuandike kila kitu upya. Nikubali?

Kodi_Kavu: Lugha haina kosa mkuu. Fundi mbovu atavuruga hata kwa lugha ya malaika.

Bi_Semikoloni: Hapa lugha inalo kosa lake, Kodi_Kavu. Python ingegoma palepale kujumlisha namba na maandishi. JavaScript imenyamaza, ikaunganisha.

Ila Mjukuu, Rust inatibu ugonjwa usiouugua. Sifa zake nyingi zinatokana na kumbukumbu ya kompyuta: lugha ya C inamwachia mwandishi asome nje ya eneo lake, na ndivyo Heartbleed, tundu la usalama la 2014, lilivyovujisha siri za seva. Google walipoanza kuandika sehemu mpya za Android kwa lugha salama, Rust ikiwemo, matundu ya namna hiyo yalishuka kutoka asilimia 76 ya matundu yote mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. JavaScript inajisimamia kumbukumbu tangu zamani. Ulinzi huo unao tayari.

Na Rust nayo huanguka. Tarehe 18 Novemba 2025 Cloudflare, kampuni inayopitisha na kulinda trafiki ya tovuti nyingi, walilala na tovuti kibao: faili moja lilivuka kikomo cha vipengele 200, na kodi ya Rust iliyolisoma ilikuwa na `unwrap`, yaani mwandishi kaapa kwamba hapo hapaharibiki kitu. Pakaharibika, programu ikajizima. Lugha ilimtaka aamue, naye kaamua hivyo.

Tumia TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, lakini kagua pia kila kinachotoka kwenye fomu kabla seva haijakigusa, maana programu ikishaanza kufanya kazi zile aina za data za TypeScript hazipo tena. Na hela zihifadhi kwa senti, ziwe namba nzima zisizo na desimali.

Mjukuu_wa_Ukerewe: Asante dada. Mbona upande wa kutoa hela hesabu ziko sawa siku zote, na fomu ni ileile?

Bi_Semikoloni: Alama ya kutoa haina kazi nyingine, kwa hiyo JavaScript inayageuza maandishi kuwa namba yenyewe. Ya kujumlisha ina kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Kagua fomu zote, hata zisizolalamikiwa.

Kodi_Kavu: Kwa ukaguzi tumia Zod, maktaba ya kukagua data. Meneja niachie mimi 😂