Saruji tani 10 kisiwani Pemba, Mkoani hadi Wete wakati wa masika: njia ya zamani au ya Konde?

MwanaWete
Assalaam alaykum. Mifuko 200 ya saruji, ya kilo 50, inashuka bandari ya Mkoani. Nikishafika Chake Chake, nipite barabara ya zamani au nizunguke ya Konde? Na kwa nini ile ya zamani ina mapindi vile?

Utingo wa Mtambile
Waalaykum salaam. Kwa mzigo huo na mvua hizi, zunguka. Ya Konde inapita mashariki, uwandani, ardhi imelala; mbele unakata kushoto kuingilia Wete. Ya zamani ni kupanda na kushuka, na kila mteremko chini yake kuna bonde la mpunga. Ukilazimika kuipita, shuka kwa gia ile ambayo ungepandia. Usilalie breki: zikipata moto hazishiki tena, na pembeni ni mtaro na mikarafuu. Mifuko ilaze juu ya mbao, isiguse bodi.

Fundi Tuta
Mimi naogopa makalvati, zile njia za maji chini ya barabara, kuliko mapindi. Bondeni barabara hukaa juu ya tuta, maji hupita chini yake. Mvua ikisomba makuti na migomba, mdomo wa kalvati unaziba, maji yanapanda hadi yanavuka juu ya lami. Yanapoangukia upande wa pili ndipo yanapokula udongo. Juu lami utaiona nzima, chini pango! Maji yakishapungua, teremka utazame ukingo ule yalikoangukia. Ukikuta ufa uliopinda kama mwezi mchanga, tuta linateleza, usipitishe mzigo.

Mkarafuu
Mapindi yana sababu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi hutoka huku. Udongo mzuri wa mikarafuu uko magharibi, na huko huko bahari imeingia ndani kwa mahori mengi, yaani mikono ya bahari. Njia ya zamani inafuata migongo ya vilima ili iyakwepe. Zile za pembeni, kama Chwale–Kojani na Bahanasa–Daya–Mtambwe, zilitiwa lami baadaye kwa fedha za Marekani, mkataba wa 2008. Na msimu wa karafuu nendeni taratibu jamani: majamvi huanikwa hadi ukingoni, lori likikwepa shimo linakanyaga jasho la mtu.

MwanaWete
Ahsanteni. Nikigawa safari mbili za tani 5?

Fundi Tuta
Hapo ya zamani inafaa, ila mchana, kukiwa kukavu. Usiku ukingo huo huuoni.