Mjadala: Je, plastiki inayooza, iliyoimarishwa kwa nyuzi za mgomba, ichukue nafasi ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki?

Mwanabombo: Hapa Uganda, sheria ya 2009 ilipiga marufuku kaveera iliyo nyembamba kuliko maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini hadi leo ukinunua nyanya za shilingi elfu moja unapewa mfuko huohuo. Rwanda walimaliza kazi hii 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Hoja yangu ni kwamba mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na shina lake limejaa nyuzi zenye selulosi, ile dutu inayoipa mimea uimara. Kwa nini serikali isivipe nafuu ya kodi viwanda vitakavyochanganya nyuzi hizo na plastiki itokanayo na wanga wa mahindi au muhogo? Kwa sasa wamama wa mahoteli wanafunika matoke kwa kaveera na kutulisha sumu, wala hakuna anayewauliza.

Dada wa Kalerwe: Ndugu yangu, ungeishia kwenye viwanda ningekuunga mkono. Majani ya mgomba hapa mjini yananunuliwa kwa pesa, tena hupasuka kabla matoke hayajaiva. Mimi hutandika majani chini, hufunga matoke kwa majani, na kaveera huja juu kabisa ili mvuke usitoroke. Wewe unayeomba uongezewe mchuzi wa karanga, ni lini uliwahi kuuliza chakula kimefunikwa kwa nini?

Fundi wa Jinja: Naomba turudi kwenye swali, kwa sababu lina kasoro ambayo haijaguswa. Uzi mmoja wa mgomba, jinsi unavyotoka shinani, aghalabu huwa na unene unaozidi maikroni 80, ilhali mfuko wenyewe ni maikroni 30 au 40. Huwezi kuficha uzi ndani ya kitu chembamba kuliko uzi huo. Kwa mifuko ingebidi selulosi isagwe hadi chembe zisizoonekana kwa macho, na kazi hiyo ina gharama kubwa. Nyuzi za kawaida zinafaa vitu vinene, kama trei, sahani na hasa viriba vya miche ya kahawa. Hata hapo, nyuzi hupenda maji na plastiki huyakataa, kwa hiyo zisipooshwa kwanza kwa kostiki soda hazishikani vizuri, na kifaa huvunjika palepale zilipoachana.

Mzee wa Arua: Fundi ametufundisha, ahsante. Ila mimi nimeshikwa na maneno ya binti yetu wa Kalerwe. Hiyo plastiki mpya, akiiweka juu ya sufuria, itahimili mvuke?

Fundi wa Jinja: Hapana, mzee. Ile ya mahindi tunayoisikia zaidi, asidi ya polilaktiki, huanza kulegea karibu na nyuzijoto 60, na mvuke wa matoke unakaribia 100. Nyuzi huiongezea ugumu, lakini haziifanyi kuwa kifuniko cha jikoni. Tena joto hilohilo la 60 ndilo inalolihitaji ili ioze upesi, ndani ya lundo la mboji linalotunzwa. Ukiitupa katika mfereji wa Nakivubo kule Kampala itakaa muda mrefu kama ndugu zake.

Mwanabombo: Sikusema popote kwamba ipikiwe! Nilisema mifuko, na nyinyi mmenipeleka jikoni.

Dada wa Kalerwe: Jikoni uliingia mwenyewe, tena bila kubisha hodi, ukamwita mwenye jiko muuza sumu.

Mkulima wa Isingiro: Mnaligawana shina la mgomba kana kwamba halina mwenyewe. Mimi nikishakata mkungu, shina hulipasua na kulilaza kati ya mistari: linahifadhi unyevu, linaoza, na potasiamu yake inarudi kwenye mizizi ya machipukizi. Vipande vingine navitumia kunasa fukuzi wa migomba, wadudu wanaoitoboa, kwa maana hujificha chini yake na asubuhi nawakuta wamejaa. Lori likija kubeba mashina yote, mbolea nitakayonunua badala yake atailipa Mwanabombo au kiwanda?

Mwanabombo: Mzee wangu, hakuna aliyesema ubebewe bure. Utauza.

Mkulima wa Isingiro: Kwa bei gani, wakati zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za shina ni maji? Mtasafirisha maji kutoka Isingiro hadi Kampala?

Fundi wa Jinja: Hapo ndipo penye hoja. Shina halina haja ya kusafiri. Nyuzi zikwanguliwe kwa mashine hapohapo shambani, maji na makapi yabaki kwa mkulima, na lori libebe nyuzi zilizokauka tu. Ndiyo maana nadhani nafuu ya kodi ingeanzia kwenye mashine hiyo kabla ya kiwanda chochote cha Kampala.

Mkulima wa Isingiro: Sasa tunaongea. Lakini mashine iwe mali ya ushirika wetu, kwa sababu ikiwa ya mnunuzi, bei ya nyuzi ataipanga yeye, kama wanavyotupangia bei ya mkungu.