Likizo ya familia Dar na Unguja: tupeane uzoefu wa njia, saa na maji

KihondaStesheni
Wakuu, salaam. Shule zinakaribia kufungwa na familia nyingi za bara ziko kwenye hesabu ya siku saba: tatu Dar, nne Unguja, watu wazima wawili na watoto watatu. Naomba uzi huu tuujaze maelezo yanayotumika. Uzuri wa pwani tunaujua wote. Kinachokosekana ni njia, saa, na mambo yanayokwamisha safari pamoja na sababu zake. Bei hubadilika kila mara, kwa hiyo tuelezane namna ya kuuliza.

Naanza na treni. Kutoka Dodoma kwa SGR ya haraka ni saa tatu na nusu hivi hadi Dar, na Morogoro iko katikati. Tiketi inabeba jina, na jina hilo lazima lilingane na kitambulisho. Kosa la kawaida ni kununua za baba na mama leo, za watoto kesho: mnajikuta mabehewa tofauti. Nunua zote kwa mkupuo mmoja. Fikeni stesheni mapema, maana kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa kabla treni haijaondoka. Kwa Dar mnashukia Stesheni ya Magufuli, jirani na kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Mkilala Kariakoo mko karibu na kila kitu ila usingizi wa watoto ni wa shida kwa kelele. Upanga pametulia zaidi na bado ni karibu na Posta, katikati ya mji.

MtaaWaPosta
Mjini Dar panga kwa mitaa, usipange kwa orodha ya vivutio. Ukiweka Makumbusho ya Taifa asubuhi, Kunduchi mchana na Kigamboni jioni, siku nzima itaishia kwenye foleni.

Siku ya kwanza ibaki Posta, na nyingi ni kwa miguu. Anza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, asubuhi jua halijakolea. Ndani kuna habari ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, ambayo watoto huyapenda kuliko kitu kingine. Saa mbili zinatosha. Zaidi ya hapo wadogo wanachoka. Bustani ya mimea iko jirani kabisa, wapumzishe kivulini. Kisha teremkeni kuelekea baharini: kanisa la Azania Front, halafu Mtakatifu Yosefu. Sanamu ya Askari iko Mtaa wa Samora, iliwekwa mwaka 1927 kukumbuka waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Soko la samaki Feri liwe asubuhi, siku nyingine, na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu sakafu ina maji, magamba na miba.

Mwendokasi na watoto: epuka saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Katikati ya hapo mtapata hata viti. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hujaa maji na huduma ya kupita hapo husimama, hivyo msimu wa masika msiitegemee siku mnayowahi boti.

Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, Barabara ya Bagamoyo: nyumba za asili za makabila mbalimbali, kwa ukubwa wake halisi. Wape watoto kazi ya kuchunguza kila nyumba imeezekwa kwa nini na mlango umeelekea wapi. Uliza getini kama siku hiyo kuna ngoma. Soko la vinyago la Mwenge liko upande huohuo wa mji, viunganishe.

MamaWaWatatu
Naongeza Coco Beach. Jumapili jioni umati ni mkubwa na watoto hupotea. Andika namba ya simu mkononi mwa mtoto kwa kalamu ya wino usiofutika, juu ya kifundo, na mwonyeshe kibanda kimoja cha kukutania kabla hamjakaa. Pale nenda kwa mihogo ya kukaanga, mishikaki, madafu na upepo. Kuogelea sipashauri kwa wadogo, kuna miamba ya matumbawe na maji yakijaa mawimbi huivamia.

Kwa kuogelea ndani ya Dar, Kigamboni ni bora. Wasio na gari wavuke na kivuko cha Magogoni, kinalipiwa kwa N-Card (kadi unayoijaza pesa kabla), halafu bajaji hadi Mjimwema. Wenye gari waangalie foleni ya kivuko kwanza. Ikiwa ndefu, Daraja la Nyerere ndiyo njia, ingawa ni mzunguko. Fukwe nyingi zina kiingilio. Swali la kuuliza getini: kiingilio kinakatwa kwenye bili ya chakula au la? Na je, chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa? Haya mawili ndiyo huleta ugomvi mkiwa tayari mmeshavua viatu.

KunduchiPwani
Visiwa: Bongoyo boti zake huondokea Msasani, Mbudya huondokea Kunduchi. Vyote viko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna ada mbili, ya boti na ya hifadhi. Uliza kama bei uliyotajiwa imejumuisha zote. Mtanzania hulipa ada ndogo kuliko mgeni, basi vitambulisho viwepo.

Mbudya hakuna maji ya kunywa yasiyo ya chumvi. Kwa familia ya watu watano kaeni na lita 10 kwa siku nzima, na hizo ni za kunywa tu. Agizeni samaki na chipsi mara mnapofika, kwa sababu hupikwa kwa mkaa na wateja ni wengi. Saa nzima au zaidi hupita. Ulizeni uzito au muonyeshwe samaki mwenyewe kabla hajachunwa magamba. Kabla ya kupanda boti, mvalishe mtoto jaketi okozi na uvute mabegani: likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, dai dogo. Msiwaachie waseme "ni mwendo mfupi tu". Na muulizane na nahodha saa ya kurudi, kwa sababu alasiri upepo huongezeka na watoto hurudi wamelowa.

KihondaStesheni
Asanteni. Sasa boti ya Unguja. Kuna mwenye kuijua vizuri?

BandariniDSM
Ni kilomita 70 hivi, na boti ya kasi hutumia kama saa mbili. Tiketi nunueni ofisini au kwenye tovuti ya kampuni. Nje ya lango la bandari kuna vishoka wanaoshika begi lako na kukuongoza kwenye dirisha "la haraka". Usimpe mtu begi, usimpe kitambulisho. Mtanzania anasafiri na kitambulisho, mgeni na pasipoti. Kama mnasafiri na ndugu wa uraia wa nje, tangu Oktoba 2024 wageni wanatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, nayo hulipiwa mtandaoni kabla ya safari.

Kutapika ndiyo tatizo kubwa. Juni hadi Agosti huvuma kusi, upepo wa kusini, na mkondo una mawimbi. Boti ya asubuhi kwa kawaida hupata bahari tulivu kuliko ya alasiri. Kaeni chini, katikati au nyuma. Mbele na juu ndiko boti inakorushwa zaidi, na watu hukimbilia huko kwa sababu ya kuona. Dawa ya kichefuchefu inywewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Ukisubiri mtoto aanze kutapika haisaidii tena. Kipimo cha mtoto kiulizwe kwa mfamasia kwa kumtajia uzito wake. Chakula kiwe mkate mkavu au ndizi. Maziwa na chai ya maziwa viacheni hadi mfike.

MwaniJambiani
Assalaam alaykum. Nyote mmesema vizuri, lakini naona wageni wengi hupanga hoteli kwanza na maji baadaye, na hapo ndipo likizo inapoharibika. Huku pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, bahari hutoka mbali sana. Mtu hulipia chumba cha ufukweni, akiamka anaona mchanga na mwani mpaka mwamba wa nje, na watoto wanalia wanataka kuogelea. Bahari haina kosa, ila hakuangalia mwezi.

Shikeni hesabu hii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu: maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti inaweza kukaribia mita 4. Nusu ya mwezi ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Huku kwetu, siku za bamvu maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Wiki moja baadaye imegeuka: yanajaa kama saa 4 asubuhi na kupwa kama saa 10 jioni.

Huna haja ya chombo chochote. Chukua kalenda yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu. Karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvu, na kilele chake huja siku moja au mbili baada. Karibu na tarehe 7 na 22 ni maji mafu. Tarehe 4, kwa mfano, maji yatajaa kama saa 12 na nusu na kupwa kama saa 6 na nusu mchana. Ukifika, mthibitishie mvuvi yeyote. Atakujibu bila kufikiri.

Basi pangeni hivi. Mkiangukia bamvu, asubuhi iwe ya kutembea juu ya mchanga wenye maji ya kifundo, na kuogelea kuanzia saa 8 mchana. Mkiangukia maji mafu, ogeleeni asubuhi. Na mkitaka kuogelea muda wowote bila kuangalia mwezi, nendeni kaskazini, Kendwa na Nungwi, kule maji hayatoki mbali. Kendwa imejificha na kusi pia, ndiyo maana Juni naipendekeza kwa wenye watoto wadogo. Paje wakati huo ni ya wanaoteleza majini kwa tiara za upepo.

Kutembea wakati maji yametoka kuna hatari moja ambayo wageni hawaioni. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati yenu na nchi kavu. Mnaweza kusimama mahali pakavu huku nyuma yenu pameshafika kiunoni. Geukeni kabla ya saa ya kupwa kabisa, msisubiri kuona maji yakija. Vaeni viatu vya mpira vyenye soli, maana kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Na zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni mashamba ya mwani, ni riziki ya kina mama. Piteni pembeni, msiruke juu.

MamaWaWatatu
Ahsante sana kaka, hii ya kalenda ni msaada mkubwa. Mtoto akichomwa na miiba hiyo tufanye nini?

MwaniJambiani
Usichokonoe kwa sindano, hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, jaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe, nusu saa na zaidi. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Ikiwa mwiba uko kwenye kiungo, au maumivu ni makali yanapanda mguu wote na panavimba haraka, huenda ni samaki mwenye sumu: hospitali mara moja, msingoje kesho.

DarajaniUnguja
Mji Mkongwe upewe siku moja na nusu. Bandarini mtalakiwa na mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni kuwatafutia hoteli na safari. Neno "tumeshapanga, ahsante" mara moja linatosha, na mwendelee kutembea. Kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, linafaa kwa watoto wa miaka 10 na kuendelea. Vile vyumba vya chini ni vya kubana, wadogo huogopa. Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu) sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hivyo iangalieni kwa nje, kisha Ngome Kongwe iko ubavuni pake. Mabega na magoti yafunikwe mjini, wakubwa kwa watoto wakubwa. Mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana.

Kisiwa cha Changuu kuna kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli. Bei ya boti mpatane kwa boti nzima, kwenda, kungoja na kurudi, na mlipe mkisharudi. Kobe walishwe majani wanayotoa wahudumu. Kumpanda mgongoni hakuruhusiwi.

Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku, baada ya magharibi: uliza bei ya kila kimoja kabla sahani haijajazwa. Mishikaki ya samaki na pweza iliyokaa mezani tangu jioni usimpe mtoto. Urojo na vinavyokaangwa mbele ya macho yako ni salama zaidi, na juisi ya miwa iwe bila barafu.

Msitu wa Jozani uko njiani kwenda Paje, kwa hiyo usiupangie siku yake. Simameni siku ya kuhama mji, saa moja na nusu inatosha kwa kima punju na daraja la mbao la mikoko. Muafikiane na dereva kabla kuwa atawangoja, na mizigo ifungiwe garini.

NyaliBeach
Hamjambo kutoka Mombasa. Kalenda hiyo ya mwezi inafanya kazi huku pia, Nyali hadi Diani, saa ni zilezile kwa tofauti ndogo. Kwa wanaofikiria kuja: treni ya kutoka Nairobi huanzia Syokimau na kuishia Miritini, zote nje ya mji, basi ongezeni saa nzima kila upande. Fort Jesus iwe asubuhi, mawe yake yakishapata jua hakuna kivuli.

KihondaStesheni
Shukrani ndugu zetu. Swali la mwisho kwangu: siku ya kurudi, boti na treni zinaweza kufuatana siku moja?

BandariniDSM
Zinaweza, kwa boti ya kwanza ya asubuhi na treni ya jioni. Acheni saa tano kati yake. Bahari ikichafuka safari huahirishwa, na kupakua mizigo bandarini huchukua muda. Kama treni ni ya asubuhi, laleni Dar usiku huo. Nguo zenye maji ya chumvi zifungwe kwenye mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, na muweke seti moja kavu ya kila mtoto kwenye begi la mkononi.