Naomba ushauri: mwanangu anataka kuchezea Taifa Stars, uraia unatukwamisha

Hamjambo ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mwanangu ana miaka 17, kazaliwa Aarhus, Denmark. Baba yake ni Mdenmark, mimi Mtanzania wa kuzaliwa. Ana pasi ya Denmark tu; ya kwetu sikuwahi kumkatia, uzembe wangu. Ameshacheza mechi mbili za kufuzu na timu ya taifa ya vijana ya Denmark, ila moyo wake uko Taifa Stars (bibi yake wa Tanga ndiye chanzo!).

Upande wa FIFA sina hofu sana. Walilegeza kanuni za kubadili timu ya taifa mwaka 2020, na kuchezea vijana hakumfungi, ingawa kubadili ni mara moja tu. Kinachonikosesha usingizi ni sheria yetu: mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, naye anakaribia miaka 18. Wakala mmoja anasema “yatanyooka tu.” Simwamini.

Waliopitia haya, nisaidieni: uraia wa kurithi kwangu anao tayari, au lazima tuuombe kabla hajatimiza 18? Na akiukana wa Denmark, klabu yake ya huko itamhesabu mchezaji wa kigeni anayehitaji kibali cha kazi?