Miksa ya intafesi na programu ya kurekodia hazijuani, na kampuni inaniambia ninunue kompyuta mpya!

Wazee, nani aliwapa hawa watu ruhusa ya kuandika "hakuna kuchelewa" kwenye boksi? Jina la chapa silitaji, mjadala huu usije ukafungwa, lakini ni intafesi (kile kifaa cha kupeleka sauti za maiki kwenye kompyuta) ya viingilio vinane, bei yake ilinikausha, na inakuja na programu yake ya miksa ya kusikilizia. Niko Kondele, Kisumu, studio ndogo: nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo, kwaya, na vijana wa rap wakati hakuna kazi nyingine.

Shida ni hii. Sauti ya msanii inafika kwenye hedifoni kwa njia mbili. Moja inapita ndani ya intafesi yenyewe kwa ile miksa yao na kutoka karibu papo hapo. Nyingine inaenda hadi kwenye kompyuta, inaingia programu ya kurekodia, inapita kwenye plagini (vile vikorombwezo vya kuipamba sauti), ndipo irudi. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ikiwa sampuli 512 kwa 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 11.6 kuingia na 11.6 kutoka, na bado hujahesabu draiva, programu inayoiunganisha intafesi na kompyuta. Sasa, miksa yao inafunguka ikiwa imeachilia viingilio vyote. Programu ya kurekodia nayo, ukiandaa traki, inaachilia sauti ileile. Hakuna inayojua kwamba mwenzake yupo, kwa hivyo mwimbaji anajisikia mara mbili, ya pili ikichelewa kama mwangwi.

Na msiniambie "punguza bafa". Nimepunguza. Kwa 128 mwangwi hauondoki, unabadilika tu: nakala mbili zinakaribiana mpaka zinaanza kukatana, na mwimbaji anajisikia kama ameingizwa kwenye tangi tupu la maji. Kwa 64 kompyuta inaanza kukwaruza.

Muulizeni mpiga nyatiti. Nyuzi nane mkononi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala, gara, yaani njuga, zikilia mguuni, na bado anaimba. Huyo ni bendi nzima kwenye kigoda kimoja. Akisikia ule mlio wa pete ukija umechelewa, mguu wake unaanza kuungoja bila yeye kupenda, na mapigo yanazidi kuvuta mpaka wimbo unalala. Mzee mmoja alivua hedifoni akaniuliza, "Kijana wangu, huyu mwingine anayepiga nyuma yangu ni nani?" Nimjibu nini mimi? Nimwambie ni kampuni?

Nikawaandikia. Jibu la kwanza: punguza bafa. Jibu la pili: kompyuta yako ni ya zamani. La tatu ni lilelile la kwanza, wamebadilisha salamu. Hakuna hata mmoja aliyeandika sentensi moja tu, kwamba sauti inapita madirisha mawili, zima moja. Kitabu cha maelekezo nacho hakisemi. Muuzaji wa Nairobi ndiye kabisa, yeye alinishauri ninunue waya wa bei zaidi.

Kuzima moja najua. Nazima kusikiliza kwenye programu ya kurekodia, nabaki na miksa yao. Sawa. Lakini hapo mwimbaji anapoteza plagini zote masikioni, na mnajua waimbaji wetu, bila mwangwi kidogo kwenye hedifoni hawaimbi, wananong'ona. Natumia ule mwangwi ulio ndani ya miksa. Sawa tena. Halafu stima inapotea. Ikirudi, miksa imesahau kila kitu! Viingilio vyote wazi, sauti ya hedifoni juu kabisa, na ile njia ya kurudisha sauti ya kompyuta ndani ya traki imejiwasha. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniaibisha mbele ya kwaya: programu ikarekodi kile inachocheza, ikakicheza tena, spika zikapiga yowe hadi soprano wakakimbilia mlangoni. Mteja amelipa, anakutazama, wewe unatafuta dirisha gani lina kosa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo, na ni ya zamani. ASIO, utaratibu wa draiva za sauti, ilitoka kwa kampuni ya Steinberg mwaka 1997, na kwa miaka mingi sasa imekuwa na mpango wa kuiruhusu programu ya kurekodia iamrishe miksa ya intafesi yenyewe. Kwenye Cubase, programu yao ya kurekodia, ni kisanduku kimoja cha kuweka tiki, kama draiva inakubali. Draiva yangu haikubali, kisanduku kimefifia. Yaani walikuwa na pesa za kuchora vitelezi vinavyong'aa, lakini za kufanya madirisha mawili yaongee hawakuwa nazo.

NYONGEZA: Kuna ndugu hapo chini ameandika niache kulia, ninunue zile intafesi ndogo zenye kitufe cha kusikiliza moja kwa moja pale mbele. Ndugu yangu, zile ni nzuri, sibishi. Kitufe hakisahau stima ikipotea. Lakini nyingi zina viingilio viwili. Nyatiti pekee naiwekea maiki mbili, ya nyuzi na ya mguu, mwimbaji moja, kisha waitikiaji. Hao waitikiaji niwaweke wapi, kwenye WhatsApp?

Kwa hivyo naomba jibu kwa aliye na intafesi ya aina hii hapa Kisumu, Kakamega au Nakuru: umepata toleo lolote la draiva linalokumbuka mipangilio umeme ukikatika? Nitumie namba ya toleo, si mawaidha. Jumamosi nina mpiga orutu anatoka Siaya. Nisipopata jibu, naazima miksa ya kanisa, ile nzito ya vifundo, hedifoni zichomekwe humo, na hii intafesi ifanye kazi ya kupeleka sauti kwenye kompyuta tu. Anayeitaka baada ya hapo aje na M-Pesa, kasoro zake zote ameshazisoma.